Wa Chini, Nazamisha

Sururu ya Chilewa iligonga chini ya shimo ikaruka juu, kana kwamba imegonga reli. Aliitazama ncha yake, akaipangusa kwa kidole gumba, akagonga tena pembeni kidogo. Mlio ulikuwa uleule.

"Umesikia mwenyewe," akasema. "Miaka mitano iliyopita hapa nilikuwa nachimba kwa mikono."

Nyanzala Mihayo alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shimo. Alitoka jiji la Mlowezi asubuhi na mapema, akaendesha gari la kampuni akiteremka na mto Nholi, ambao wakati wa kiangazi si mto bali ni njia pana ya mchanga mweupe inayopinda katikati ya miiba. Watu wa kijiji cha Chilolo waliishi kwa maji yaliyojificha ndani ya mchanga huo. Mvua zikinyesha, Nholi hupita kwa fujo siku chache, kisha huzama. Aliyetaka maji alichimba kadiri ya kimo cha mtu akayakuta, safi na baridi.

Alishuka shimoni, akapiga goti, akaweka kiganja chini. Palikuwa na ubaridi na ulaini wa sakafu. Na sakafu hiyo aliijua. Chumba anacholala kule Mlowezi, ngazi anazopanda kila jioni, zahanati alikojifungulia mwanawe, vyote vilikuwa vya jiwe hili.

"Kwa hiyo ni la kwenu," Chilewa akasema. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kusema jambo kisha kutazama pengine.

"Ni la kwetu."

"Mnaliitaje?"

"Jiwe la kulea. Unachukua mchanga wa kawaida, unaujaza kwenye kalibu, unatia vijidudu na chakula chao. Vinakula, vinajenga chokaa katikati ya punje na punje. Baada ya wiki mbili unaondoa kalibu, una ukuta. Hakuna tanuru, hakuna moshi."

"Na hili nani kalilea?"

"Ndicho nilichotumwa kuangalia."

Chilewa alicheka kidogo puani. Alipanda juu, akamwachia sururu ya akiba aishike, akaenda kwenye shimo jingine lililokuwa karibu na ukingo, ambako mchanga ulikuwa bado haujashikana sana. Kabla ya kuchimba alisimama, akageukia upande mto unakoelekea, akaweka viganja mdomoni.

"Wa chini, nazamisha."

Sauti ikaenda na mto hadi kwenye kona. Chilewa alisimama tu, sururu mkononi. Hakuchimba. Baada ya kitambo, sauti ya mwanamke ilirudi kutoka nyuma ya miiba, nyembamba, bila haraka.

"Nimesikia."

Ndipo alipoinua sururu.

"Kwa nini umemwita?" Nyanzala akauliza.

"Maji ya mchangani ni mamoja. Nikishuka mimi, ya mwenzangu yanashuka pia. Lazima ajue, awahi kuteka kabla hayajamkimbia."

"Na akikataa?"

"Hakuna kukataa. Mimi nina kiu, siwezi kuomba ruhusa ya kiu. Anasema amesikia, basi."

"Asipojibu?"

"Nasubiri," Chilewa akasema, akatazama pengine.

*

Mwenye kisima kile chenye sakafu ya jiwe alikuwa shangazi yake Chilewa, Mbeleje. Alikuja jua likiwa limepanda, amejifunga kaniki, kibuyu mkononi, akiwa anatembea katikati ya mto kama mtu anayetembea uani kwake. Mdogo wa umbo, meno machache, macho hayamkosi mtu.

"Mbukwenyi," akasalimu.

Nyanzala aliitikia kama alivyofundishwa na jirani zake wa Mlowezi, na Mbeleje akamtazama vizuri.

"Umeitikia vibaya, lakini umejitahidi. Unaitwa nani?"

"Nyanzala Mihayo, mama."

"Mnyamwezi."

"Wa Sikonge."

"Nilijua," Mbeleje akasema, akamgeukia mpwa wake. "Chilewa, ficha kibuyu. Watani wamerudi. Babu zake walipita hapa na pembe za ndovu vichwani, wakanywa maji yetu, wakaililia hongo yetu ya njia hadi pwani."

"Walilia kwa sababu waliuziwa matope," Nyanzala akasema.

"Na wakayanywa."

"Wangefanyaje? Wagogo mngeweza mngeutoza hata umande."

Mbeleje alicheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. Kisha akasogea kwenye shimo lenye sakafu, akawa mtu mwingine. Alisema maneno yake polepole, kwa Kigogo, huku akiinamisha kibuyu. Kilichotoka kilikuwa unga wa mtama uliokorogwa katika maji, mweupe, mzito kidogo. Ulitambaa juu ya jiwe, ukaingia kwenye nyufa alizozifungua Chilewa, ukapotea.

"Zamani tulikuwa tunamimina mara moja tu, kiangazi kikianza," akaeleza baada ya kumaliza. "Sasa namimina kila siku ya gulio. Kisima kimekasirika, lazima kibembelezwe. Wa kule chini nao wanamimina."

Nyanzala aliutazama ule weupe uliobaki kwenye nyufa. Kitu kilimgusa moyoni, akakiacha. Hakuwa mtu wa kusema jambo kabla ya kulipima.

"Na kisipobembelezeka?"

"Wakubwa walishakuja na kipaza sauti. Mvua zikianza tukiwa hatuna kisima, malori yanakuja kutubeba. Tumejengewa Mlowezi, ghorofa ya sita." Mbeleje alikung'uta kibuyu. "Niliwauliza ng'ombe watalala ghorofa ya ngapi. Wakacheka wakidhani natania."

*

Mchana kutwa alipima. Gari lilikuwa na keekee ya mkono yenye ncha ndefu, na Nyanzala alianzia juu ya visima akateremka nayo. Alitoboa, akatoa kijiti cha mchanga, akakilaza kwenye turubai, akaandika mahali kilipotoka, akaenda mbele. Chilewa alimfuata akibeba turubai, bila kuombwa.

Alitarajia ugumu ulio sawa. Vijidudu vilitoka Mlowezi, hilo halikuwa na ubishi. Kila siku mafundi wa jiji waliosha kalibu na pampu, na maji ya kuoshea yaliingia mtaroni, na mtaro uliingia Nholi. Kampuni ilisema siku zote kwamba vijidudu vikitoka kalibuni hufa njaa kabla ya kufika mbali. Kama ilikosea, basi mto mzima ungekuwa umeshikana namna moja.

Haukuwa hivyo. Kati ya kisima na kisima, jiwe lilikuwa gamba tu, jembamba kama chapati, na chini yake mchanga ulikuwa mlegevu. Lakini alipokaribia kisima chochote, gamba lilinenepa. Kwenye kisima chenyewe keekee haikufika mwisho wa jiwe.

Jioni ng'ombe wa Chilolo waliletwa kunywa kwenye hori la lile shimo moja lililokuwa bado linatoa. Walisimama wakisubiri zamu, wakikojoa mchangani, kama walivyofanya wazazi wao. Nyanzala aliwatazama, akaenda kukaa kwenye kibao cha mlango wa gari.

Vijidudu vinahitaji vitu vitatu. Chokaa, nayo ilikuwemo tayari ndani ya maji, ndiyo inayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria zote za nchi hii. Urea, ambayo kampuni huinunua kwa magunia, na ambayo hapa ilitoka bure kwenye mkojo wa ng'ombe. Na cha tatu ni chakula cha kuvipa nguvu, sukari au wanga. Kisipokuwepo hicho, viwili vya kwanza havina kazi.

Unga wa mtama.

Vijidudu vilikuja kutoka Mlowezi vikiwa na njaa, vikafika hapa vikapokewa. Watu waliona kisima kigumu, wakaomba. Walipoomba kikawa kigumu zaidi, na walipokiona kimekuwa kigumu zaidi wakaongeza kuomba. Alijaribu kutafuta mahali pa kukasirikia katika mfuatano huo, hakupata. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mgongoni na wa mahali pengine pasipo na jina.

Ncha ya keekee ilikuwa imegandwa na jiwe. Kwa mazoea alifungua sanduku la baridi nyuma ya gari, akatoa chupa kubwa, akamimina kidogo kwenye ndoo pamoja na kiganja cha wanga wa kampuni, akaizamisha ncha. Alipomaliza kukunja turubai akaitoa, akaisugua kwa kidole. Jiwe lilitoka kama ganda la yai lililochemshwa.

Chilewa alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hicho ni nini?"

Nyanzala alifunga chupa polepole. "Tunamwita mchwa. Ni vijidudu vya namna nyingine. Ukivilisha vinatoa uchachu, na uchachu unayeyusha chokaa. Tunasafishia vyombo."

Chilewa alinusa ndoo. "Inanukia togwa."

"Ni jamaa wa togwa."

Hakuuliza zaidi. Lakini kwenye mlango wa gari, chini ya jina la kampuni, kulikuwa na maneno mekundu: MCHWA ASIMWAGWE ARDHINI WALA MTONI. Chilewa aliyasoma, midomo ikicheza, kisha akatazama ng'ombe.

*

Walikula nje ya tembe ya Mbeleje kabla giza halijaingia. Ugali wa uwele na mlenda. Maji ya kunawa yalikuwa kwenye bakuli moja, wakanawa wote watatu, kisha Mbeleje akayamwaga kwenye mche wa mpapai kwa uangalifu wa mtu anayemnywesha mgonjwa dawa.

Nyanzala aliwaeleza. Alianza na Mlowezi, mafundi na mtaro, kwa sababu ndiko jambo lilikoanzia. Akaja kwa ng'ombe. Mwisho akaja kwa unga. Hakuupunguza ukweli wala hakuuongezea kitu.

Mbeleje aliacha kula.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe. Vijidudu ni vya kwetu."

"Vya kwenu, lakini walezi ni sisi."

"Hamkujua, mama."

"Mtani, usinipake mafuta," Mbeleje akasema kwa upole. "Nimeuliza kitu nikajibiwa. Inatosha." Alikaa akitazama vidole vyake vyenye mlenda. "Mama yangu alimimina. Na mama yake. Kila mmoja wao kisima kilimjibu. Mimi tu ndiye niliyejibiwa jiwe."

Ndani, mbuzi alisugua pembe ukutani.

"Utawaambiaje wakubwa zako?" Chilewa akauliza.

"Nitawaambia nilichokipata."

"Watasema tumejifunga wenyewe."

"Baadhi yao watasema hivyo."

"Na malori yatakuja mapema zaidi."

Nyanzala hakukanusha.

"Mwambie shangazi habari za togwa yako," Chilewa akasema.

Alijua neno hilo lingefika. Alieleza: mchwa huyeyusha mahali anapolishwa. Ukimmimina kwenye kisima pamoja na unga, siku mbili tatu jiwe linarudi mchanga. Kwa mikono ileile na unga uleule.

"Sasa tunangoja nini?" Mbeleje akauliza.

"Bwawa."

Bwawa la Nholi lilikuwa mwendo wa siku moja kwa miguu chini ya Chilolo. Ukuta wake ulikuwa jiwe la kulea tangu msingi hadi juu, na maji yake yalisukumwa kwa mabomba kurudi Mlowezi, kwa watu milioni mbili. Mchwa akikosa chakula hafi, hulala. Mto ukija, utamchukua usingizini hadi ukutani. Kule kuna matope, kuna majani yaliyooza. Labda asiamke. Labda aamke.

"Labda," Mbeleje akarudia.

"Hakuna aliyewahi kumpima mtoni. Imekatazwa. Na kuna jambo jingine. Tangu mchanga wenu ugande, mvua haizami tena hapa. Inateleza juu, inakwenda yote bwawani. Jiji linakunywa yaliyokuwa yakizama kwenu. Mchanga ukifunguka, bwawa litapungua hata kama ukuta utabaki salama. Nina mtoto kule, mama. Anasoma, na asubuhi anafungua bomba anaoga."

"Wangu hawajaoga tangu gulio lililopita." Mbeleje alisema bila ukali, kama anayetaja bei ya chumvi. "Mmimine."

"Shangazi," Chilewa akasema.

"Nini?"

"Kuna watu chini yetu."

"Chini yetu? Hao ni watu wa juu. Walipoanza kuosha masufuria yao huko juu, nani alisimama akaita? Wewe ulisikia sauti? Mimi masikio yangu bado mazima."

"Mlowezi iko juu. Bwawa liko chini. Ni watu walewale, lakini kwa jambo hili wako chini." Chilewa alitazama pembeni, kuelekea mtoni. "Mimi nimeita maisha yangu yote. Sijui kuchimba bila kuita."

Mbeleje alichukua tonge, akalirudisha.

"Hivi nani alikulea wewe," akasema mwishowe, na ilikuwa wazi kwamba alijua ni nani. Akamgeukia Nyanzala. "Una simu. Asubuhi utamwita mwenye bwawa. Lakini umweleze vizuri mila yetu, hakuna kukataa."

Nyanzala alilala garini, kiti kimelazwa nyuma. Angeweza kuondoka na chupa yake. Hakuna aliyemfungia njia, na Mbeleje hata hakumwuliza chupa iko wapi. Aliwaza kwamba akiondoka hatakuwa amemkosea mtu yeyote kwa sheria iliyoandikwa popote. Kisha akawaza kwamba mafundi wanaoosha kalibu nao wanaweza kusema hivyohivyo, na usingizi ukamchukua katikati ya wazo hilo.

*

Injinia Kaijage alipokea simu akiwa anakunywa chai. Nyanzala alisikia kikombe kikiwekwa. Alikuwa mkuu wake kwa miaka mingi na msimamizi wa bwawa, mtu wa kusikiliza, na alimsikiliza hadi mwisho: gamba kati ya visima, unene kwenye visima, ng'ombe, unga.

"Kazi nzuri," akasema. "Ni ya kusikitisha, lakini nzuri. Urudi sasa."

"Bado, mzee. Kuna jambo. Nataka kumimina mchwa kwenye kisima cha Chilolo."

"Nyanzala, ukuta."

"Najua."

"Nadhani hujui vizuri. Miaka minne mfululizo bwawa limejaa. Kabla ya hapo kila Septemba tulikuwa tunazima mabomba. Wodi za wazazi zilikuwa zinaletewa maji kwa madumu. Unakumbuka?"

"Mimi nilijifungua na dumu pembeni. Mzee, unajua kwa nini limejaa?"

Kaijage alivuta pumzi. "Nilijua mwaka jana. Nilichora mvua, nikachora bwawa, mistari haikupatana. Maji yalikuwa yanakuja mengi kuliko yanavyopaswa. Nikajua kuna mahali mchanga umeacha kunywa. Kila nilipotaka kusema, niliyaona yale madumu. Nikasema ngoja kwanza nitume mtu akapime. Nikakutuma wewe, nikachelewa kukutuma. Usinihukumu."

"Sikuhukumu."

Alikuwa anasema kweli. Alisimama katikati ya mto, jua bado la upole, na mbele yake Mbeleje alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shimo, kibuyu mapajani. Chilewa alikuwa ameegemea sururu.

"Nipe msimu mmoja," Kaijage akasema. "Tumpime mchwa kwenye mfereji wa majaribio. Tuite kamati."

"Mvua zikianza malori yanakuja. Hawana msimu."

"Basi naweza kukukataza."

"Unaweza. Hapa wana mila yao, mzee. Mtu akitaka kuzamisha kisima chake, humwita aliye chini yake. Haombi ruhusa. Anamwambia tu, ili yule wa chini ajiandae. Na wa chini hujibu neno moja, kwamba amesikia. Asipojibu, wa juu hachimbi."

"Kwa hiyo nikikaa kimya humimini."

Nyanzala alimtazama Chilewa, ambaye hakuwa anasikia upande wa pili.

"Ukikaa kimya nasubiri," akasema.

Alingoja. Alisikia kijiko kikizunguka kikombeni, taratibu, chai ambayo bila shaka ilikwisha kupoa. Alimjua mtu huyu. Angeweza kukata simu na kumaliza siku yake, na kesho, na hata mwaka, na bwawa lingejaa.

"Chupa ngapi?" Kaijage akauliza.

"Moja. Kwa kisima kimoja. Nitamlisha unga kidogo kidogo, uishe papo hapo, usibaki wa kusafiri naye."

"Atasafiri hata hivyo."

"Atasafiri."

"Basi lazima nishushe maji hadi chini ya ukanda wa kwanza wa ukuta kabla ya mvua, nipake lami uso wote utakaoguswa na maji mapya, mchwa asilifikie jiwe. Mafundi watoboe ukuta kila wiki, wapime. Hiyo ni nusu ya bwawa naimwaga, Nyanzala. Mgao utaanza wiki hii. Watu milioni mbili watapanga foleni na ndoo, na mimi ndiye nitakayesimama kuwaeleza kwa nini."

"Na mimi nitakuwa kwenye foleni."

"Na wakiuliza nani aliruhusu?"

"Sema hukuruhusu. Ulisikia tu."

Kaijage alitoa sauti ambayo siku nyingine ingekuwa kicheko. Kisha kukawa na ukimya mrefu kuliko wote. Mbeleje, pale ukingoni, alikuwa ameinua kichwa na kugeuza sikio kuelekea mto unakoshukia, kwa mazoea, ingawa sauti isingetoka huko.

"Nimesikia," Kaijage akasema.

Nyanzala aliweka simu mfukoni. Hakuwa na la kuwaeleza, maana walimwona usoni. Alifungua chupa. Mbeleje aliinamisha kibuyu, na safari hii hakusema maneno yake, au aliyasema kimoyomoyo. Unga na uchachu vilikutana kwenye nyufa, vikatoa povu jembamba.

*

Siku ya tatu Chilewa aligonga, na sururu ikazama hadi mpini.

Alichimba kwa sururu, kisha kwa sepetu, kisha kwa mikono. Mchanga ulitoka mweupe na wenye uvundo wa uchachu. Wanawake wa Chilolo walikuja wakasimama ukingoni na ndoo zao tupu, hawazungumzi sana, kama watu walio hospitalini. Unyevu ulitokea kwanza kama kivuli. Kisha kivuli kikang'aa, na maji yakaanza kujikusanya miguuni mwa Chilewa, machafu, kisha yakatulia.

Hakuna aliyeshangilia. Mwanamke mmoja alikaa chini tu.

Mbeleje aliteka kwa kata, akapanda juu akiishika kwa mikono miwili, akawapita watu wa nyumbani kwake wote. Kata ya kwanza ya kisima kipya hupewa mgeni. Ndivyo ilivyokuwa, na mgeni alikuwa mmoja tu.

Nyanzala aliipokea. Simu ilitetemeka mfukoni mwake, akaitoa kwa mkono mwingine. Ulikuwa ujumbe wa mgao wa Mlowezi. Mtaa wake ungepata maji Jumanne na Ijumaa, saa za asubuhi, hadi itakapotangazwa tena. Aliusoma, akaurudia, akamwaza mwanawe na ndoo. Kisha akaitazama kata. Maji yalikuwa na ukungu mweupe ndani yake, na yeye alijua ni wa nini, na alijua kwamba mchwa wengine walikuwa wamekwisha kulala mchangani, wakingoja mto.

"Hayana hongo leo," Mbeleje akasema. "Babu zako walishalipa."

Nyanzala alionja. "Yana ladha ya chokaa."

"Itaisha."

"Ladha, au maji?"

Mbeleje aliutazama mto mahali unapopinda na kupotea kwenye miiba, upande wa bwawa. Alifikiri kwa muda, kama mtu aliyeulizwa swali la haki.

"Kunywa kwanza," akasema.